Gia Isilie: Mafunzo Niliyopata Kwenye Giaboksi za Magari ya Zamani ya Uingereza

Vijana wamerudi kuyapenda magari ambayo sisi tulikua nayo. Oktoba 2024 hapa Arusha lilifanyika tamasha la Land Rover, na barabara zikajaa magari yenye umri mkubwa kuliko wengi wa waliokuwa wakiyaendesha. Tangu hapo hazipiti wiki nyingi bila kijana kuja gereji na Land Rover 109 iliyokuwa ya misheni, au Morris Minor ambayo babu yake aliiacha bandani. Rangi wanaiweza, viti wanavishona vizuri, injini nayo wanaisoma wakaielewa. Kinachowashinda ni giaboksi.

Nimefanya kazi na giaboksi hizi maisha yangu yote ya ufundi, na ninaweza kukwambia jambo moja ambalo mengine yote yanatoka ndani yake. Walioyabuni magari hayo walimwachia dereva sehemu ya kazi. Katika gari la leo mitambo imejitosheleza, wewe unasukuma tu mkono wa gia. Katika gari la 1955 kuna hatua ambayo chuma hakiwezi kuimaliza bila mguu wako na sikio lako. Haya ni mafunzo kwa wewe unayetaka kulitunza gari lako mpaka walirithi wanao.

1. Bei na umaarufu wa gari havikwambii giaboksi yake ikoje

Nilipoanza kazi niliamini kwamba gari la kifahari lazima liwe na gia laini. Kisha ikaletwa Jaguar E-Type kutoka Nairobi, moja ya zile za mwanzo, na mwenyewe analalamika kwamba gia ya kwanza inalia kila anapoitafuta gari likiwa linatembea. Nyumbani alikuwa na Ford Cortina ambayo hailii hata kidogo. Akauliza imekuwaje gari la bei kubwa namna ile lishindwe na gari la mwalimu wa shule.

Alikuwa na haki ya kushangaa. Cortina ilitoka mwaka 1962 ikiwa na sinkronaiza kwenye gia zote nne za mbele. E-Type ilitoka mwaka 1961 ikiwa na giaboksi ya Moss, ya muundo wa kizamani, isiyo na sinkronaiza kwenye gia ya kwanza na nzito kwenye zile nyingine. Jaguar waliibadilisha mwaka 1964 walipoleta injini ya lita 4.2.

Kwa anayeanza: sinkronaiza ni pete ya shaba yenye mfereji mwembamba ndani. Ukisukuma gia, pete hiyo inasugua bega la gia mpaka mwendo wa pande mbili ulingane, ndipo meno yaingiane. Pasipo pete, kazi ya kulinganisha mwendo ni yako.

Basi lijue gari lako. Morris Minor ya Alec Issigonis ilianza kutengenezwa mwaka 1948, na mpaka inaachwa miaka ya mwanzo ya 1970 haikupata sinkronaiza ya gia ya kwanza. Mini ya 1959 iliipata mwaka 1968. MGB ya 1962 iliipata mwaka 1967. Land Rover ilianza mwaka 1948 na sinkronaiza kwenye gia ya tatu na ya nne tu. Ilipofika Series III, mwaka 1971, ndipo gia zote za mbele zikapata. Lakini kampuni ya Alvis, ya mji wa Coventry, ilikuwa na giaboksi yenye sinkronaiza kwenye gia zote nne tangu mwaka 1933! Ujuzi ulikuwepo. Kila kiwanda kilichagua mahali pa kuutumia na mahali pa kubana gharama, na wewe ndiye unayeishi na uamuzi huo mpaka leo.

Ukikutana na Daimler au Armstrong Siddeley ya miaka ya 1930, sahau yote uliyozoea. Nyingi zina giaboksi ya Wilson: unachagua gia kwanza kwa kijiti kilicho kwenye usukani, kisha unapokuwa tayari unakanyaga pedali ya kushoto na gia inaingia. Pedali ile inafanana na klachi, na hapo ndipo hatari ilipo. Usipoikanyaga mpaka mwisho inaweza kurudi kwa nguvu na kukuumiza mguu.

2. Dabo klachi inajifunzwa kwa sikio

Mzee aliyenifundisha kazi hakuanza kwa kunionyesha miguu yake. Aliniweka kiti cha abiria cha Land Rover Series II, tukatoka mjini kuelekea Makuyuni, akaniambia, "Kijana, usiangalie mkono wangu. Niambie injini ikishuka." Nikasikiliza. Alipotoa gia ya kwanza, muungurumo ulishuka taratibu, na palikuwa na sehemu moja tu ambapo ya pili iliingia bila sauti yoyote. Akiwahi inalia. Akichelewa inalia. Baada ya muda nikawa naweza kusema "sasa" kabla mkono wake haujasogea, na hapo ndipo aliponipa usukani.

Dabo klachi ni kukanyaga klachi mara mbili kwa kila gia unayobadilisha. Ukipanda kutoka ya kwanza kwenda ya pili, fanya hivi: kanyaga klachi, toa gia uweke fri, achia klachi, subiri injini ishuke, kanyaga tena, ingiza ya pili. Huhitaji kugusa mafuta. Kungoja ndiyo kazi yenyewe.

Kuteremsha gia ndiko kunakowatisha watu. Uko ya tatu, mlima umekushinda, unataka ya pili. Kanyaga klachi, weka fri, achia klachi, gusa mafuta injini ipande, kanyaga klachi, ingiza ya pili, achia. Maana yake ni nyepesi ukiifikiria. Kwa mwendo uleule wa gari, gia ya pili inataka shafti za ndani zizunguke haraka kuliko ya tatu. Ukiwa fri na klachi umeiachia, injini imeungana na shafti hizo, na ule mguso wa mafuta ndio unaozipandisha. Anayepiga resi huku bado amekanyaga klachi anapandisha injini peke yake. Shafti hazijui kama kuna kilichotokea. Nimewaona madereva wazoefu kabisa wakifanya hivyo miaka nenda miaka rudi, na giaboksi zao zikilia miaka nenda miaka rudi.

Kiasi cha mafuta hakipimwi kwa kitabu. Tafuta mteremko mdogo usio na magari, ujaribu asubuhi moja yote. Ukipatia, mkono wa gia unaingia wenyewe kwa uzito wa vidole viwili, na furaha yake ni kubwa mno. Mpaka leo naipata.

Na hata kama gari lako lina sinkronaiza kila mahali, dabo klachi inazipumzisha zile pete. Pete za giaboksi ya miaka ya 1960 hazipatikani kila duka.

3. Gari limesimama, lakini ndani bado panazunguka

Hili lilinishangaza kuliko yote. Gari limesimama kabisa, injini inanguruma fri, unakanyaga klachi na kuingiza ya kwanza: krrr! Kitu gani kinalia wakati magurudumu hayazunguki?

Kinacholia ni shafti. Ukiwa fri na mguu hauko kwenye klachi, injini inaizungusha shafti ya kuingilia, nayo inaizungusha ile shafti ya chini pamoja na gia zake. Ukikanyaga klachi injini inajitenga, lakini vyuma hivyo vina uzito na vinaendelea kuzunguka kidogo kwa nguvu vilizokuwa nazo. Gia ya kwanza isiyo na sinkronaiza inakutana navyo vikiwa bado kwenye mwendo. Rivasi ni hivyohivyo.

Dawa ni ya bure. Kanyaga klachi, sukuma kwanza kwenye gia yenye sinkronaiza, ya tatu kwa Land Rover au ya pili kwa Morris Minor, kisha bila kuachia klachi lete ya kwanza. Ile pete ya shaba inazishika shafti na kuzisimamisha, kwa sababu upande wa pili umeungana na magurudumu yaliyotulia. Gia ya kwanza inakuta kila kitu kimetulia.

Nilimfundisha hivyo mama mmoja aliyekuwa na Minor, mwalimu mstaafu, ambaye fundi mwingine alikuwa amemwambia atafute giaboksi nyingine. Aliondoka na giaboksi yake.

4. Kabla ya kuishusha giaboksi, ihukumu klachi

Kuna 109 iliyokuja kwangu ikiwa imeshafunguliwa giaboksi kwingine, ikafungwa, na bado inalia kila gia. Nani aliifungua si hoja. Kutoa giaboksi ya Land Rover hizi ni kazi ya watu kadhaa: unang'oa sakafu, unang'oa boksi zima la viti, kisha mzigo wote unatolewa kwa mlangoni. Kazi hiyo yote ilikuwa imefanyika, mwenye gari ameilipia, na ugonjwa ulikuwa kwenye silinda ndogo ya klachi iliyokuwa inavujisha fluidi taratibu. Klachi haikuwa inaachia mpaka mwisho, kwa hiyo injini iliendelea kuziburuza shafti hata pedali ikiwa chini.

Kipimo ni hiki. Washa injini, kanyaga klachi mpaka mwisho, ngoja kidogo shafti zitulie, halafu ingiza rivasi polepole. Ikilia hata baada ya kungoja, au gari likitaka kusogea na pedali iko chini, tafuta ugonjwa kwenye klachi: fluidi imepungua, kuna hewa kwenye bomba, silinda imechoka, au sahani imeganda. Kwa Series I angalia zile fito na maungio yake, maana klachi yake haitumii fluidi.

Gia kuchomoka yenyewe nako kuna mpangilio wake wa uchunguzi. Anza na mipira ya kushikilia injini na giaboksi. Ikiwa imeoza, mzigo wote unacheza unapoachia mafuta, na mkono wa gia unajirudisha fri. Kisha angalia springi na gololi zinazozishikilia fito za gia. Springi iliyolegea ni ya bei ndogo sana ukilinganisha na gia mpya. Meno na beringi yawe ya mwisho kwenye orodha yako.

5. Oili: soma herufi zilizo kwenye dumu

Hapa nina deni la kukiri. Nilijaza giaboksi ya Land Rover oili nzuri kabisa, ya bei ya juu, mpya, iliyoandikwa 90 kama kitabu kinavyotaka. Nilisoma namba nikaacha herufi. Ilikuwa GL-5, oili inayofaa difu. Gari liliporudi miezi kadhaa baadaye ya tatu ilikuwa imeanza kukwaruza, na oili niliyoimwaga ilikuwa na vumbi la rangi ya dhahabu. Vumbi hilo ni shaba ya zile pete.

Oili za GL-5 zina dawa nyingi za salfa na fosforasi za kuzuia meno ya difu yasisagane kwenye mgandamizo mkubwa. Kwa chuma cha difu ni nzuri. Kwa shaba, hasa ikipata joto, nyingi zinaila. Giaboksi ya zamani yenye pete za shaba inataka GL-4. Duka likikwambia ni kitu kilekile, nenda duka lingine.

Na si kila giaboksi inataka oili ya gia. MGB inatumia oili ya injini kwenye giaboksi, na ikiwa ina ile ovadraivi ya Laycock de Normanville, oili hiyohiyo ndiyo inayopigwa pampu kuisukuma klachi yake. Uchafu mdogo unatosha kuifanya isishike. Kwenye Mini giaboksi imekaa chini ya injini, ndani ya sampu, na vyote viwili vinaoga oili moja. Kila chembe ya chuma inayotoka kwenye gia inapita njia ya oili ya injini. Mwenye Mini anayechelewesha kubadilisha oili anaua vitu viwili kwa pamoja.

6. Giaboksi inaweza kukauka bila tone kudondoka chini

Sote tunaangalia sakafu. Tukiona doa tunahofia, tusipoliona tunalala. Land Rover ilinifundisha kwamba sakafu kavu haithibitishi chochote.

Nyuma ya giaboksi kubwa imefungwa transfa, ile inayogawa nguvu kwenda mbele na nyuma. Katikati yake kuna sili. Sili ikichoka, oili ya giaboksi inahamia transfa, ndani kwa ndani. Giaboksi inachukua takriban lita 1.5, transfa takriban lita 2.5, kwa hiyo ile yenye oili kidogo ndiyo inayopoteza. Unafungua plagi ya transfa, oili inamwagika kwa kujaa, unafurahi kwamba iko tele. Ukifungua ya giaboksi, kidole hakigusi kitu.

Kuna mtu alifika kwangu akitokea Babati kwa gari la namna hiyo, beringi zikiwa zinaimba. Chini ya gari pakavu kabisa. Tangu hapo kila Land Rover inayoingia nafungua plagi zote mbili, siku ileile, moja baada ya nyingine. Transfa ikiwa imejaa kupita plagi yake, najua oili hiyo imetoka wapi.

7. Liva nyekundu inataka gari lisimame. Ya njano inataka barabara inayoteleza

Kwenye Land Rover za zamani kuna liva mbili fupi pembeni ya mkono wa gia. Yenye kichwa chekundu ni ya gia nzito, yenye kichwa cha njano ni ya kuunganisha magurudumu ya mbele, yaani fowili.

Ukitaka gia nzito, simamisha gari, kanyaga klachi, vuta nyekundu nyuma. Fowili inaingia yenyewe pamoja nayo. Niliteremka kreta ya Ngorongoro kwa njia ya Seneto na mzee wangu, gia nzito, gari la zamani lililobeba watu, na mguu wake haukuwa kwenye breki kwa sehemu kubwa ya mteremko ule. Aliichagua gia juu kabisa, kabla pua ya gari haijainama. Akanieleza kwamba ukishaanza kuteremka ndipo utafute gia, unaweza kubaki fri ukiwa na breki tupu, na breki za gari hizi zikishapata moto hazina msaada.

Ya njano unaibonyeza chini ukiwa kwenye matope au mchanga, upate fowili ya gia nyepesi. Usiitumie kwenye lami. Gari hizi hazina difu ya katikati, na kwenye kona magurudumu ya mbele na ya nyuma hayaendi mwendo mmoja. Kwenye matope yanateleza na kujirekebisha. Kwenye lami shafti zinajinyonga, na liva inakataa kutoka. Ikikukataa usiipige nyundo. Rudi nyuma hatua chache, zile shafti zifunguke. Kisha simama, vuta nyekundu nyuma, irudishe mbele, nawe umerudi kwenye magurudumu mawili.

8. Mkono urudi kwenye usukani

Ukishaingiza gia, ondoa mkono. Uzito wa mkono uliopumzika juu ya liva unasukuma uma wa gia dhidi ya chuma kinachozunguka, na unaula polepole safari nzima. Sina la kuongeza hapo.

9. Giaboksi ya asili usiiuze chuma chakavu

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Land Rover nyingi za huku kwetu zimefungwa injini na giaboksi za Toyota au Nissan. Siwalaumu waliofanya hivyo. Gari lilikuwa la kazi, spea hazikuwepo, watoto walitaka ada. Mimi mwenyewe nimezifunga, na zinatembea mpaka leo.

Lakini wewe unayelitafuta gari hili kwa sababu unalipenda uko katika hali nyingine. Spea za Series, za Minor, za Mini na za MGB bado zinatengenezwa Uingereza, na si lazima usafiri kuzipata. Pete, beringi, sili, springi, vyote vinaagizwa. Kinachopungua ni maboksi yenyewe, yale makasha ya asili yenye gia zinazolingana, kwa sababu kila mwaka mengine yanapimwa kwa kilo na kuyeyushwa. Kasha lenye gia mbili zilizovunjika bado lina shafti nzima, uma mzima na mfuniko mzima, na pengine ndivyo vitu ambavyo mwenzako wa Moshi au Nakuru anavitafuta.

Kwa hiyo nakuomba. Ikiwa ni lazima uitoe ya asili, imwage oili, ipake oili safi ndani na nje, ziba matundu yote kwa vitambaa, iandikie imetoka gari gani na la mwaka gani, uiweke mahali pakavu juu ya mbao. Na kama yupo fundi mzee mtaani kwenu aliyezizoea giaboksi hizi, mpeleke kijana wako akae naye wakati inafunguliwa, ashike pete kwa mkono wake, aulize. Nenda mwezi huu, fundi huyo angali na nguvu za kushika spana.